Kisanduku Kilichofunika Kitufe cha Achia

Ipo nchi moja, nami jina lake silitaji kwa kuwa sijapata kibali cha kulitaja, ambayo wananchi wake wanapenda kufafanuliwa mambo kuliko wanavyopenda wali. Ndivyo isemavyo Wizara ya Ufafanuzi, na nani atabisha? Zahanati ni chache huko, maji hutoka siku za sikukuu, lakini maelezo ya kwa nini zahanati ni chache na maji hayatoki yapo ya kumwaga.

Mwaka ambao serikali ya nchi hiyo ilihamishia shughuli zake zote kwenye kompyuta, kila fomu ikapata kitufe chake cha kubonyeza. Waziri wa Ufafanuzi, Mheshimiwa Kilindo, akaona hatari. Akasimama bungeni, akafuta miwani, akasema, "Kitufe bila maelezo ni mtoto bila baba!" Wabunge wakapiga meza. Basi ikaamriwa kwamba ukisogeza kishale juu ya kitufe chochote cha serikali, papo hapo kichomoze kisanduku cha manjano kinachokueleza kitufe hicho ni cha kazi gani, kwa maneno ya Waziri mwenyewe.

Aliyekitengeneza kisanduku hicho ni Siwema binti Hamdani, fundi wa programu pale wizarani, mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye haraka ya kazi na ulimi usiojua kusubiri. Alikitengeneza kama programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuchomekwa ndani ya kubwa, na kwenye kompyuta yake kilitoka vizuri ajabu, kikakaa pembeni ya kitufe kwa adabu. Wizara ikampandisha cheo kutoka Msaidizi kuwa Msaidizi Mwandamizi, ikampa na kalenda ya ukutani.

Kumbe kompyuta za maofisini hazikuwa kama yake. Kivinjari chao, ile programu ya kufungulia kurasa, kilikuwa kilekile alichokizindua Mtukufu Rais miaka kumi na moja iliyopita. Siku ile Mtukufu alikata utepe mbele ya kamera, na vipande vya utepe vikagandishwa kwa gundi juu ya kila kioo cha kompyuta nchini. Vivinjari vipya vilishatoka mara sitini tangu hapo, lakini nani angethubutu kukiondoa kilichozinduliwa na Mtukufu? Ungeondoa kivinjari tu, au ungekuwa umeondoa na uzinduzi? Swali hilo liliundiwa tume, na tume bado inakutana.

Sasa, ndani ya kivinjari kile cha zamani, kisanduku hakikukaa pembeni. Kilitua juu ya kitufe chenyewe, kikakifunika gubigubi. Ukiondoa kishale, kisanduku kinapotea. Ukikirudisha ubonyeze, kisanduku hiki hapa tena, kinakueleza kwa upole jinsi ya kubonyeza kitufe usichokiona. Siwema hakuwa na habari. Angeambiwa na nani? Fomu ya malalamiko nayo ilikuwa na kitufe, na kitufe kilikuwa na kisanduku. Tangu mfumo uanze wizara haikupokea lalamiko hata moja, na Mheshimiwa Kilindo aliitangaza takwimu hiyo katika kila mkutano wa hadhara, akapigiwa makofi.

Ni katika mkutano wa namna hiyo ndipo baba yake Siwema alipokamatwa.

Mzee Hamdani alikuwa fundi saa mstaafu, mtu wa kutaka kujua kila kipande kinakaa wapi. Siku hiyo Waziri alifafanua kwa saa mbili kwa nini bomba la mtaa halitoi maji, kisha akauliza, "Mmeelewa?" Watu wote wakaitikia, "Tumeelewaaa!" Mzee Hamdani akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani, mimi sijaelewa. Naomba urudie kidogo pale kati."

Akachukuliwa palepale. Kosa: kutoelewa hadharani.

Mahakama, tusiionee, ilitenda haki. Hakimu aligundua kwamba kipaza sauti cha upande ule kilikuwa kibovu, hivyo mzee hakuelewa kwa sababu halali. "Mshtakiwa hana hatia," alisema. "Aachiwe mara moja." Siwema akapiga vigelegele ndani ya mahakama mpaka karani akamwonya. Akapitia sokoni, akanunua jogoo wa pilau, akaenda gerezani kumchukua baba yake.

Alipokelewa na Afande Ndaro, afisa wa mapokezi, mtu mpole mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri.

"Dada yangu, hongera sana," Afande Ndaro alisema. "Baba yako ameachiwa."

"Asante, afande. Yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Si umesema ameachiwa?"

"Ameachiwa, ndiyo. Kilichobaki ni kumwachia." Akaigeuza kompyuta ili Siwema aone. "Natakiwa nibonyeze kitufe cha Achia. Hiki hapa... kilikuwa hapa. Umeona? Kinajificha."

Siwema akaangalia. Kisanduku cha manjano kilikuwa kimetanda katikati ya kioo, na ndani yake maandishi: *Bonyeza kitufe hiki ili kumwachia huru mtu aliyeachiwa huru.* Kilikuwa na zile kona za mviringo alizozitengeneza kwa mikono yake, akajisifu kwazo wiki nzima. 

"Afande, kitufe kipo chini yake. Usitumie kishale. Bonyeza Enter hapo kwenye kibodi, kitakubali."

Afande Ndaro akatikisa kichwa kwa huzuni. "Waraka namba tisa, dada. Mtumishi wa umma hatabonyeza asichokiona. Kuna mwenzetu alibonyeza bila kuona, akajikuta amelihamishia gereza zima mkoa wa kusini. Mpaka leo yuko huko anatafuta wafungwa wake."

"Wamekwama wangapi?"

"Na baba yako, mia mbili na kumi na saba. Tumewajengea bweni lao. Linaitwa Bweni la Walioachiwa."

Ungedhani watu wa bweni hilo walikuwa na nafuu. Walikuwa na heshima, hilo kweli. Askari waliwaamkia shikamoo. Lakini chakula cha gereza ni cha wafungwa, na hawa hawakuwa wafungwa, basi hawakupewa. Daktari wa gereza ni wa wafungwa, naye akawapita mlangoni akiwapungia mkono. Mzee Hamdani alikuwa na kisukari. Dawa zake za mwezi zilikuwa zimebaki za siku tisa.

"Usilie, mwanangu," alimwambia Siwema kesho yake asubuhi kupitia nondo, huku akitafuna kipapatio cha jogoo yule, aliyekwisha kupikwa. "Mashine imekwama tu. Yupo fundi aliyeitengeneza, ataitengeneza. Tatizo la namna hii huwa ni kitu kidogo sana."

Siwema hakuweza kumwambia fundi ni nani. Alikunja mfuko wa chakula, akaukunjua, akaukunja tena, mpaka askari akasema muda umekwisha.

Alikimbilia wizarani, akafunga mlango, akatafuta moja ya zile kompyuta zenye utepe. Kabla ya saa sita mchana alishaliona kosa. Kivinjari kipya hupima nafasi ya kisanduku kuanzia kwenye kitufe. Kile cha zamani kilipima kuanzia ukingo wa ukurasa, kikasahau pembezoni, na kisanduku kikaangukia pasipotakiwa. Baba yake alisema kweli. Lilikuwa jambo dogo sana. Siwema akaandika mistari kumi na mmoja: kama kivinjari ni cha zamani, pima upya, sogeza kisanduku juu kidogo. Akajaribu. Kisanduku kikapanda, na kitufe kikaonekana, cha kijani, kimekaa kimya chake kama mtu aliyekuwa akingojwa. Alikibusu kioo, wallahi, alikibusu.

Mkurugenzi wa Mifumo, Bwana Fumbwe, aliisoma ile mistari kumi na mmoja akiwa amekunja uso. Alikuwa mtu mnene wa suti nzito, na alikuwa na tabia ya kuinama kidogo kila jina la Waziri lilipotajwa, hata alipolitaja mwenyewe.

"Bibi Siwema. Hapa umeandika *sogeza*."

"Ndiyo, mkurugenzi. Kisanduku kisogee kidogo tu. Nusu ya upana wa kidole."

"Ndani ya kisanduku kuna nini?"

"Maelezo."

"Ya nani?"

"Ya Mheshimiwa Waziri."

Bwana Fumbwe akainama. "Kwa hiyo unapendekeza Mheshimiwa asogezwe ili kumpisha nani? Kitufe."

"Basi tukiweke kitufe juu, kisanduku kipite nyuma yake."

"Mungu wangu! Waziri chini ya kitufe!" Akainama mara mbili. "Keti, binti. Kunywa maji. Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mkurugenzi. Baba yangu ana siku tisa za dawa."

"Ndiyo maana nchi ina kamati," alisema Bwana Fumbwe.

Kamati yenyewe iliitwa Kamati ya Nafasi na Heshima za Vitu Vionekanavyo. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na kwa kuwa mistari nayo ilikuwa kumi na mmoja, ilionekana ni busara kila mjumbe apewe mstari wake akautafakari nyumbani. Mjumbe wa mstari wa nne aliuliza kama alama ya nukta pacha ni lazima, maana alimjua mtu aliyeishi vizuri bila hiyo. Mjumbe wa mstari wa saba alisafiri na mstari wake kwenda kwenye semina, akausahau hotelini. Siku zikapita. Asubuhi Siwema alipeleka uji na dawa gerezani, mchana alikaa nje ya chumba cha kamati, jioni alirudi gerezani na mboga. Siku ya tisa dawa zikaisha. Alitembea maduka manne, la mwisho likampa vidonge vya siku tano, na Mzee Hamdani akaanza kuvikata nusu nusu kwa kisu cha kuazima ili viende mbali. Miguu ilimvimba. Alikuwa akizungumza, katikati anasahau alichokuwa akisema, kisha anaomba radhi.

Siwema alilia mbele ya mhudumu wa chai. Alilia mbele ya katibu muhtasi. Siku ya kumi na nne aliingia mwenyewe chumba cha kamati bila kuitwa, akapiga magoti juu ya zulia.

"Wazee wangu, nawaombeni. Kosa ni langu mimi. Nilikipima kwenye kompyuta yangu peke yake, sikupima kwenye zenu. Nifukuzeni, nifungeni, lakini kisogezeni. Baba yangu anakufa kwa ajili ya nusu kidole!"

Mjumbe wa mstari wa kumi akafuta machozi. Na hapo, kama bahati, mlango ukafunguliwa akaingia Mheshimiwa Kilindo mwenyewe, amefuatana na mpiga picha.

"Nimesikia kilio cha mwananchi," Waziri alisema, akasubiri mpiga picha apate upande mzuri. "Inuka, mwanangu. Tatizo ni nini?"

Siwema akamweleza. Waziri akatoa simu yake mpya, akafungua ukurasa, akabonyeza. "Mbona mimi nakiona?"

"Kwenye simu yako kivinjari ni kipya, mheshimiwa. Kwenye mashine zao ni cha zamani."

Wakamletea kompyuta yenye utepe. Waziri akasogeza kishale. Kisanduku kikatokea, na Waziri akasoma maneno yake mwenyewe mara tatu, midomo ikimchezacheza. Akaguswa. "Nilikuwa nimesahau nilivyoandika vizuri," alisema. Kisha akamgeukia Bwana Fumbwe, ambaye tayari alikuwa ameinama. "Huyu mama ana haki. Ni aibu serikali kuwa na kitu kinachofunikwa. Nataka ifikapo Ijumaa, maelezo yangu yasifunike kitufe chochote katika nchi hii. Nitakuja gerezani kuzindua mwenyewe!"

Siwema akamshika mkono akaubusu. Usimcheke. Hata wewe ungeubusu.

Ijumaa ilipofika gereza lilipambwa. Bendi ilikuja, viti vya plastiki vilipangwa, na mia mbili na kumi na saba walioachiwa waliletwa uwanjani wakae mstari wa mbele, waliojiweza wamesimama, Mzee Hamdani amelazwa juu ya jamvi. Siwema alikuja na begi. Ndani kulikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, suruali, na viatu vya baba yake vilivyopakwa dawa mpaka vinang'aa. Alimvisha palepale, mbele za watu, kifungo kimoja kimoja. Shati lilikuwa limemzidi mwili.

"Leo?" Mzee aliuliza.

"Leo, baba. Waziri mwenyewe ameagiza."

Waziri alihutubia kwa saa moja na robo. Akasema serikali yake ni sikivu. Akasema nchi jirani visanduku vyao vinafunika vitufe mpaka leo na hawajali. Kisha akakata utepe mpya, pazia likavutwa, na kompyuta ya Afande Ndaro ikaonekana juu ya meza yenye kitambaa cha satini. Afande akasogeza kishale.

Kisanduku cha manjano kikatokea, safi, kona za mviringo. *Bonyeza kitufe hiki ili kumwachia huru mtu aliyeachiwa huru.*

Hakikufunika kitu. Siwema akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Chini yake hapakuwa na kitu. Pembeni hapakuwa na kitu. Maelezo yalikuwa peke yake kwenye kioo, yamependeza.

"Kitufe kiko wapi?" aliuliza.

Bwana Fumbwe akatabasamu kwa unyenyekevu. "Kamati iliona kwamba kati ya maelezo na kitufe, chenye kufunikwa ni kitufe. Tumeviondoa vyote, nchi nzima. Sasa hakuna kitakachofunikwa tena."

Bendi ikapiga. Siwema alipiga ukelele, lakini tarumbeta zilikuwa na nguvu kuliko yeye, na waliomwona mdomo wazi walidhani anapiga vigelegele, wakamsaidia. Mpiga picha alimpiga picha tatu. Akavishwa shada la maua na kukabidhiwa cheti cha Mwananchi Aliyesikilizwa.

Wageni walipoondoka, viti vikakusanywa na walioachiwa wengine wakarudishwa bwenini, Siwema alibaki amekaa chini kando ya jamvi, kichwa cha baba yake mapajani. Mikono ya mzee ilikuwa baridi. Siwema hakuwa na machozi tena. Yalikuwa yameisha kama dawa zilivyoisha. Alikuwa akisema tu, "Baba, ni mimi. Kile kisanduku ni mimi niliyekitengeneza. Nisamehe, baba, ni mimi."

"Nilijua," Mzee Hamdani alisema polepole. "Kona zake nzuri. Nikasema huyu ni wangu."

Afande Ndaro alisimama karibu, akakohoa, akaangalia kulia na kushoto, akachuchumaa.

"Dada yangu," alinong'ona, "kwa aliye hai sina njia. Nisamehe. Lakini marehemu hawako kwenye kompyuta. Waziri hakuwahi kuwaandikia maelezo, kwa hiyo hawakupewa hata ukurasa. Wao bado wanatoka kwa daftari."

Siwema akamtazama. Afande akavuta masharubu yake.

"Daftari tu, dada. Jina, tarehe, saini ya ndugu. Na geti linafunguliwa hapohapo."

Haikuchukua hata dakika kumi. Afande Ndaro alileta daftari kubwa lenye jalada jeusi, akalamba ncha ya kalamu, akaandika: *Hamdani Kitwana. Amefariki.* Alipofika sehemu ya sababu akasita.

"Tuandike nini hapa?"

"Andika uchovu," alisema Mzee Hamdani, akiwa ameegemea bega la binti yake.

Siwema akashika kalamu. Akauliza, kwani ilikuwa lazima aulize, "Na dawa zake, afande? Kesho nikimpeleka zahanati?"

Afande Ndaro alikuwa amekwisha kukata kitambulisho cha mzee vipande viwili kwa mkasi, kama utaratibu unavyotaka. Hakuinua uso. "Zahanati ni za serikali, dada. Watatafuta jina wakute ni marehemu. Marehemu hana sukari."

Siwema akasaini, akidhani kalamu itakataa, haikukataa. Geti likafunguliwa, lote, pande zote mbili, jinsi linavyofunguliwa kwa jeneza. Askari wanne wa zamu walivua kofia zao, wakasimama wima, na mmoja akasema, "Pole sana na msiba, dada."

Mzee Hamdani alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Alipoona watu wamevua kofia kwa heshima ya marehemu, aliliachia bega la Siwema, akajikaza juu ya miguu yake iliyovimba, naye akasimama wima.